Sauti ya Pili Katika Mashindano Mawili

Pale Kenyatta Market, kichwa kimoja cha mteja husukwa na wanawake watatu kwa wakati mmoja. Mmoja huanzia kisogoni, wawili husimama huku na huku, na mikono sita humaliza kwa saa mbili kazi ambayo mikono miwili ingeimaliza jua likizama. Kavutha alikuwa msusi wa kisogoni. Kwa miaka kumi na mmoja aliziona nyuso za wateja wake kupitia kioo tu, nao walimwona kwa nadra, maana msusi wa kisogoni huinama.

Upande wa kushoto alisimama Peres, mama wa makamo kutoka Siaya, mwenye kibanda. Upande wa kulia alikuwa Laila, mzaliwa wa Lamu, aliyekuja Nairobi akiwa bibi harusi na ambaye mpaka leo hakubali kwamba kuna chai jijini. Juu ya kioo palikuwa na televisheni ndogo, na kila Jumapili saa kumi na moja jioni televisheni hiyo ilileta ugomvi.

Stesheni mbili zisizopendana zilikuwa na mashindano ya uimbaji, na kwa sababu hazikupendana ziliyaonyesha saa ile ile. Programu moja iliitwa Taifa Linaimba. Ilikuwa na jukwaa la taa za kila rangi, umati wa kupiga makofi, na kabla ya kila mwimbaji kulikuwa na filamu fupi ya maisha yake: nyumba ya mabati, mama mgonjwa, karo iliyokosekana. Kisha watazamaji walipiga kura kwa simu. Ya pili iliitwa Kinanda Kimoja. Huko hapakuwa na umati wala filamu. Palikuwa na mwimbaji, mpiga kinanda na majaji watatu, nao majaji ndio waliokata shauri.

"Weka Taifa Linaimba," Peres alisema Jumapili moja ya mwezi wa sita, mikono yake ikiendelea na kazi. "Hiyo ingine ni kama chumba cha mtihani. Watu watatu wamenuna, mmoja anagonga kinanda. Hata taa hawana."

"Na hiyo yako ni matanga," Laila akamjibu. "Mtu hajaimba hata neno moja, washamliza. Mimi nataka kusikia sauti, shoga yangu. Kilio ninacho changu nyumbani."

"Wewe huna moyo."

"Ninao. Nimeuwacha Lamu, hapa ungeingia baridi."

Mteja alicheka, Peres akamwambia asitikise kichwa. Kavutha hakucheka. Alikuwa akichovya ncha za nywele kwenye maji moto ili misuko isifumuke, na bila kuinua macho akasema, "Mimi nimepita."

"Umepita wapi?"

"Mashindano."

Peres aliachilia nywele alizoshika. "Gani?"

"Yote mawili. Lakini haikubaliwi kuingia yote. Mpaka Alhamisi nichague."

Kwa mara ya kwanza tangu televisheni ile itundikwe, hakuna aliyeitazama. "Nyar Kitui!" Peres akapiga kelele, ndivyo alivyozoea kumwita, binti wa Kitui, kwa lugha ya kwao. "Na umekaa hapo nyuma umenyamaza kama mtu ameiba sufuria!"

Kavutha hakuwa ameiba kitu. Alikuwa na haja moja tu, nayo alikuwa ameibeba miaka miwili.

Mume wake aliitwa Muema Nzomo. Alikuwa fundi wa plasta, na mafundi wenzake walisema mbele ya ukuta aliouacha Muema mtu angeweza kupiga mswaki kama mbele ya kioo. Kanisani, katika kwaya ya pale Dagoretti Corner, aliimba besi. Kavutha alisimama mstari mmoja mbele yake, katika sauti ya pili, na ndivyo walivyojuana: kwa miezi sita alimsikia mgongoni kabla hajamgeukia amtazame. Walioana, wakapata binti, Mukai, ambaye sasa alikuwa Mwingi kwa nyanya yake. Jioni walipopika chumbani mwao, Muema aliiacha besi yake mlangoni, akaimba sauti ya kwanza, ule wimbo wenyewe, na Kavutha akaingia chini yake kwa ile ya pili. "Besi ni ya kanisani," alikuwa akisema. "Nyumbani lazima mtu ashike wimbo."

Alianguka kutoka ghorofa ya sita ya nyumba za kupangisha zilizokuwa zikijengwa Parklands, asubuhi, mbao za kukanyagia zilipoteleza. Nje ya mjengo ule palikuwa na ubao mkubwa, kama sheria inavyotaka: jina la mwenye ploti, la mchoraji ramani, la mhandisi, la mpimaji, la kampuni ya ujenzi. Kavutha aliusoma ubao wote siku aliyoitwa kwenda, kwa sababu hakujua macho ayaweke wapi pengine. Kesho yake gazeti liliandika mistari minne: fundi mmoja alifariki, wengine wawili walijeruhiwa. Fundi mmoja. Mtu aliyepaka kuta za nusu ya magharibi ya jiji hili, kuta ambazo watu wametundika picha za harusi zao, alitolewa duniani kwa kuhesabiwa, kama mfuko wa saruji uliopasuka.

Haja ya Kavutha ilikuwa hiyo. Hakutaka kuwa nyota. Alitaka jina la Muema lisemwe mahali ambapo watu wengi wanasikia. Mara moja ingetosha.

Ndiyo maana alipanga foleni ya Taifa Linaimba, katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Zamu yake ilipofika aliimba wimbo wa kitabu cha kanisani ambao hakuna Mkristo wa Kenya asiyeujua. Alifumba macho akauimba wote. Alipoyafumbua, majaji walikuwa wakitazamana.

"Mama," mmoja akasema, "huo ni wimbo gani?"

Akautaja.

Wakacheka, ingawa si kwa ubaya. Jaji yule akaimba mstari wa kwanza. "Si huu?"

"Ndio huo," Kavutha akasema, na kwa kweli hakuelewa kilichowachekesha. Alikuwa ameimba sauti ya pili kutoka mwanzo hadi mwisho, peke yake, na kichwani mwake wimbo mzima ulikuwapo: sauti ya kwanza ikipita juu, ya tatu pembeni, besi nyuma. Mtu aliyesimama katikati ya kwaya kwa miaka kumi na sita hubeba kipande akidhani amebeba wimbo.

Wangemtoa. Lakini jaji mwanamke, ili kumwondolea aibu, alimwuliza anaishi na nani. Kavutha akajibu kwamba anaishi peke yake, mtoto yuko ushago kwa nyanya yake, mume alianguka kutoka kwa mjengo. Kamera iliyokuwa mbali ikasogea. Jaji yule akajifuta jicho. Kijana mwenye kofia na karatasi mkononi akanong'ona kitu, na Kavutha akaambiwa amepita. Alijua kilichopita hapo hakikuwa sauti yake. Lakini alijiambia: sawa, mradi watamtaja.

Kwenye Kinanda Kimoja hakujipeleka. Mwalimu Masila, kiongozi wa kwaya, ndiye aliyepeleka majina ya waimbaji wanne, na aliyeitwa ni Kavutha. Studio ilikuwa nyumba ya kawaida iliyoingia ndani kidogo kutoka Ngong Road. Aliimba wimbo ule ule, kosa lile lile. Hapa hawakucheka. Mpiga kinanda aliinamisha kichwa, akasikiliza mistari miwili, kisha kwa mkono wa kulia akaanza kuiweka sauti ya kwanza juu ya ile ya Kavutha, taratibu, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. Jaji mkuu, mwanamke mwenye nywele fupi za mvi aliyefundisha muziki maisha yake yote, alisema, "Umepita. Lakini ukirudi, uje na wimbo. Hapa hakuna kwaya ya kukushikia." Hakuna aliyemwuliza anaishi na nani.

Jumatatu alimfuata Mwalimu Masila kanisani. Mwalimu alikuwa karani mstaafu wa serikali, mzee mwembamba aliyevaa tai hata siku za kufagia kanisa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa uma wake wa chuma wa kupimia sauti, akaugonga gotini.

"Niimbie sauti ya kwanza."

Kavutha akaanza vizuri. Mstari wa pili akateremka kwenye sauti ya pili bila kujua. Akarudia, akateremka. Akarudia tena, mara hii akijishika kama mtu anayepita kwenye matope, na mstari wa tatu ukamteremsha.

Mwalimu aliuweka uma mfukoni. "Kosa ni langu," alisema. "Wa sauti ya pili ni wachache, na wewe hukukosa hata Jumapili moja. Miaka kumi na sita sikuwahi kukupa wimbo."

"Si kosa, Mwalimu. Na nyumbani Muema ndiye alikuwa anaushika."

Nje, makanga wa Dagoretti Corner walikuwa wakiita abiria.

"Sasa nikwambie kwa ukweli," Mwalimu akasema. "Mashindano ya kura yatakuchukua ulivyo. Hawatakuambia uimbe vizuri zaidi, maana hawakukuchukua kwa kuimba. Ukiwapa machozi kila wiki, utakaa. Haya ya kinanda yanakuheshimu, na kwa sababu yanakuheshimu yatakutoa siku ya kwanza. Sasa unataka nini, kukaa ama kuheshimiwa?"

"Nataka jina lake lisemwe."

Mwalimu alitazama mikono yake. "Basi nenda wanakosimulia habari za watu," akasema, na haikuonekana kumfurahisha. "Hawa wengine hawataki kujua habari zako."

Shauri likawa limekatwa. Kavutha alimpigia simu kijana mwenye kofia, akamwambia anakuja.

Jumatano asubuhi walikutana Parklands. Kavutha hakuwa amekanyaga barabara ile tangu msiba. Alitafuta ule mjengo wenye vyuma na mbao asiuone, mpaka kijana alipomwonyesha: jumba la ghorofa nane, rangi ya maziwa, mapazia madirishani, magari yakiingia kwa lango linalojifungua lenyewe. Ubao wa majina ulikuwa umeng'olewa. Badala yake palikuwa na kibao cha shaba chenye jina la jumba na la aliyelifungua.

Kijana aliitwa Jackton. Alikuwa mpole, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alimfunga Kavutha maiki ndogo kwenye ukosi wa nguo, akamsimamisha ng'ambo ya barabara.

"Mama, ukiwa tayari, angalia juu. Hesabu polepole mpaka ya sita. Halafu utuambie tu vile ilikuwa. Usiharakishe."

Kavutha alihesabu. Alipofika ya sita aliona balkoni yenye chungu cha maua na nguo za mtoto zilizoanikwa, na machozi yakaja yenyewe. Alisema kila kitu. Alisema: mume wangu, Muema Nzomo, alikuwa akipiga plasta pale juu.

"Safi sana, mama. Pole sana. Gari imepita ikaharibu sauti. Turudie?"

Alirudia. Akasema tena, Muema Nzomo. Kamera ikazimwa katikati ya sentensi. Jackton alisema jua limehama.

Mara ya tatu, jina lilipotoka tu, Jackton aliinua mkono.

"Ile ya kwanza ilikuwa poa sana," alisema. "Ile hisia. Tungeomba kama hiyo. Na mama, hapo kwa jina, useme tu 'mume wangu'."

"Kwa nini?"

"Ni mtindo wa programu. Majina ya marehemu huwa hatutaji."

"Huwa hamtaji?"

"Mtazamaji tunampatia jina moja tu. Lako, na nambari ya kupigia kura. Ukimpatia majina mawili anachanganyikiwa, kura zinapungua. Tuliona hivyo msimu uliopita. Si kitu kibaya, mama. Ni ili ushinde."

Kavutha alijaribu kukumbuka. Msimu mzima alikuwa ameiona programu ile akiwa ameinama, ncha za nywele vidoleni. Palikuwa na yule aliyefiwa na dada yake. Palikuwa na mapacha wa Kisii waliofiwa na baba. Aliwalilia wote, yeye na Peres, na hakukumbuka jina hata moja la waliokufa. Alidhani amesahau. Kumbe hakuambiwa.

"Wewe umesema unaitwa Jackton."

"Ndio, mama."

"Nani alikupatia?"

"Ni ya babu. Baba ya mamangu."

"Kama ni babu yako alianguka hapa, ungesema aje kwa televisheni? 'Mzee fulani'?"

Jackton alitazama viatu vyake. Alikuwa kijana mwema. Jiji limejaa vijana wema waliosomeshwa ili wafanye mambo wasiyoyaamini kwa ustadi mkubwa. "Mama, mimi ni mtu wa kazi tu," akasema.

"Hata yeye alikuwa mtu wa kazi."

Kavutha aliifungua maiki ukosini, akaukunja waya wake vizuri, akamkabidhi. Halafu alivuka barabara, akasimama mbele ya kibao cha shaba, akakisoma chote. Askari wa lango alimwuliza anamtafuta nani. Akamwambia. Askari akasema hapana mtu wa jina hilo anayeishi hapo.

"Umekataa nchi nzima!" Peres alimfokea alasiri hiyo, na kwa hasira akapasua mstari wa nywele ukapinda, ikabidi aurudie. "Mama Mukai, mimi ningekupigia kura mpaka hii simu ishike moto. Ningewaambia watu wa kanisa, watu wa chama, mpaka watu wa choo pale nyuma. Jina ni nini? Wewe si unalijua? Mtoto si analijua?"

"Mwache," Laila alisema.

"Simwachi. Sasa ataenda kwa wale wamenuna, wamtoe siku moja, na hiyo jina isisemwe popote."

Hilo lilikuwa kweli, na Kavutha alilijua. Huko kwingine hawakuuliza habari za mtu. Lakini alikuwa ameahidi kurudi, na jaji wa mvi alikuwa amemtazama kama mtu mwenye kitu mkononi. Alhamisi alipeleka jibu Ngong Road.

Peres aliyefoka ndiye aliyeanzisha mazoezi. Ijumaa, kichwa cha mteja kikiwa katikati yao, aliamuru: "Haya, sote tuimbe sauti ya kwanza. Nyar Kitui atufuate."

"Mimi Mwislamu, mwanitia wapi?" Laila akauliza.

"Huu wimbo huujui?"

"Naujua sana. Jirani zangu wauimba kila alfajiri, hata ndotoni nausikia. Sauti ya kwanza naijua kumshinda huyu mwanakwaya wenu."

Wakaimba. Peres aliimba kwa nguvu, Laila kwa sauti nyembamba iliyojikunja mwisho wa kila mstari kama kaswida. Na Kavutha, mara tu aliposikia wimbo umeshikwa, aliingia chini yake, mahali pake. Ikawa tamu hata wasusi wa vibanda vya jirani wakanyamaza. Walipomaliza walitazamana kwenye kioo, na wote watatu wakajua kwamba mazoezi yale hayakusaidia kitu.

Jumamosi studio ilikuwa baridi. Waimbaji kumi na wawili walikaa kwenye benchi, na mwanamke mwenye orodha aliwaonya kwamba kipindi ni cha saa moja tu, mengi yatakatwa, wanaotolewa hukatwa zaidi, mtu asije akalalamika. Kavutha alikuwa wa tisa.

Alishika wimbo. Ubeti wa kwanza aliupita wote juu, sauti ikitetemeka kidogo, mpiga kinanda akimngoja palipohitaji kungojwa. Ubeti wa pili pia. Katika wa tatu alisikia, wazi kama mtu aliye kando yake, mahali ambapo sauti nyingine ingeingia, akaipisha. Akateremka. Aliimba ubeti wote wa mwisho chini, na juu yake palikuwa wazi, maana mpiga kinanda, kwa sheria ya mashindano, hakuruhusiwa tena kumfunika.

"Kavutha," jaji wa mvi alisema, "ulikuwa nao. Kwa nini umeuacha?"

Lilikuwa swali la muziki. Kavutha alilijibu kama la muziki.

"Sikuuacha, mwalimu. Nilimpisha. Mimi ni wa sauti ya pili. Aliyekuwa akiushika wimbo nyumbani ni mume wangu, Muema Nzomo. Alikuwa fundi wa plasta. Alianguka Parklands, ghorofa ya sita. Mpaka leo nikifika ubeti wa tatu huwa namngoja."

Aliyasema bila machozi. Jaji aliandika kitu, akafuta, akaiweka kalamu chini.

"Nimefundisha miaka thelathini na minne," alisema. "Watu wenye koo nimewaona wengi. Wenye sikio kama lako nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini haya ni mashindano ya mtu mmoja, na sina mahali pa kukuweka. Nisamehe."

Kwa hiyo akatolewa. Hapo ndipo mashindano yale mawili, yaliyokuwa yakitukanana kila Jumapili, yalipofanana. Moja lilikuwa na nafasi ya jina moja kwa sababu ya kura. Jingine lilikuwa na nafasi ya sauti moja kwa sababu ya sanaa. Nchi ambayo kila kazi yake hufanywa na watu wengi, kuanzia kichwa cha mteja hadi ghorofa ya nane, haikuwa imebuni shindano hata moja la kumtambua anayemsikiliza mwenzake.

Jumapili ya wiki iliyofuata Kavutha alikuwa kisogoni mwa mteja mgeni, mwanamke wa miwani aliyesema anafanya kazi hospitalini. Saa kumi na moja ilipofika Peres alichukua rimoti, akasita, halafu mazoea yakamshinda. Akaweka Taifa Linaimba.

Alikuwapo kijana wa Kakamega aliyefiwa na mama yake. Filamu ilionyesha kaburi, maua ya plastiki, kijana amepiga magoti. Mama alikuwa kila kitu kwangu, alisema kijana, mama ndiye aliyenifundisha. Nambari ya kura ikapita chini. Peres alikuwa ameanza kutokwa machozi na kidole chake kilikuwa kwenye simu.

"Huyo mama aliitwa nani?" Kavutha akauliza.

Peres alitazama skrini. Aliitazama mpaka filamu ikaisha, taa za rangi zikawaka na kijana akaanza kuimba. "Hawajasema," akajibu. Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaiweka simu kando ya vitana. "Mungu wangu! Hata jina hawajasema." Halafu, bila kuombwa na mtu, akabadilisha stesheni.

Kwenye Kinanda Kimoja alikuwa akiimba wa tano. Walisuka huku wakiwasikiliza wa sita, wa saba, wa nane. Laila alikuwa akisema kitu moyoni, midomo ikicheza. Wa tisa alipoingia, mteja wa miwani alitazama skrini, akatazama kioo, akasema, "Lakini huyu si..." Peres akamwambia anyamaze, tafadhali, kwa dakika moja tu.

Walikuwa wameukata wimbo. Ubeti wa kwanza haukuwapo, wala wa pili. Ilionyeshwa ile sehemu ya kuteremka peke yake, na mtu asiyejua angedhani huyu mama hakuwahi kuushika wimbo kabisa. Kavutha aliacha kusuka. Jaji wa mvi akauliza, kwa nini umeuacha. Na Kavutha wa kwenye skrini, mdogo, mwenye sweta ya buluu, akajibu: "Sikuuacha, mwalimu. Nilimpisha. Mimi ni wa sauti ya pili. Aliyekuwa akiushika wimbo nyumbani ni mume wangu, Muema Nzomo."

Hapo wakakata. Plasta haikuwapo, Parklands haikuwapo, wala ghorofa ya sita. Mwimbaji wa kumi alikuwa tayari jukwaani.

Laila alimwekea Kavutha mkono begani, mkono uliojaa mafuta ya nywele. Peres alipunguza sauti ya televisheni mpaka ikaisha. Kavutha hakujua kama anachokisikia kifuani ni furaha au ni ule mwanya wa maneno yaliyokatwa. Jina lilikuwa limesemwa. Lilichukua muda mfupi kuliko kuchovya ncha ya msuko mmoja.

Mteja alijizungusha kwenye kiti, kitu ambacho wateja hawafanyi, misuko ikamponyoka Peres mkononi, akamtazama msusi wa kisogoni ana kwa ana.

"Samahani, dada," alisema. "Huyo Muema Nzomo alikuwa nani?"

Kavutha alivuta stuli iliyokuwa karibu na jiko la maji, akaketi, wakawa macho kwa macho.

"Alikuwa fundi wa plasta," akaanza. "Mtu wa Mwingi, mrefu, mwenye mzaha mwingi. Na ngoja nikwambie vile alikuwa akipima ukuta."